Bangili za Mikoroshini

Siku nguzo ya mtaa wetu ilipogeuka kijani kwa mara ya kwanza, mimi nilikuwa nimevaa bangili tatu. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya Mama Tausi, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliyekuwa na mwezi tangu azike mumewe. Ya tatu ilikuwa ya fundi cherehani wa chumba cha mbele, ambaye kijana wake alikuwa ameondoka nyumbani bila kuaga. Nilizificha chini ya kanga, nikasimama na wenzangu pale njia panda kuitazama ile taa, na wanawake wakapiga vigelegele.

Kabla ya hapo taa ilikuwa nyekundu miezi miwili mfululizo, na kila mtu Mikoroshini alijua maana yake. Mtaa ukitimiza miezi mitatu kwenye nyekundu, Ofisi ya Utulivu inaupangua. Chumba hiki kinapelekwa Kitalu cha Pili, kile Kitalu cha Saba, na hivyo hivyo mpaka nyumba zinabaki tupu. Walisema huzuni ikirundikana mahali pamoja inaota mizizi, kwa hiyo dawa yake ni kuitawanya.

Sikatai kwamba ofisi ile ilitufanyia mema. Walitupandia miti ya kivuli, wakaondoa gereji iliyokuwa ikigonga mabati tangu alfajiri, wakaziba kuta za upande wa barabarani kwa makumbi yanayonyonya kelele. Watoto wakaanza kulala mchana. Na bangili nazo nilizipokea kwa moyo mmoja, kwa sababu ya mdogo wangu Imelda. Imelda alifia mji mwingine, zamani, kabla ya mambo haya, na majirani walipita mlangoni kwake siku nne wakidhani amesafiri. Angekuwa na bangili, wangejua siku ya kwanza.

Bangili haisikii maneno. Inasoma mapigo ya moyo, jasho la ngozi, usingizi na hatua anazotembea mtu, halafu inazipeleka kwenye nguzo. Nguzo inajumlisha mtaa mzima na kutoa rangi. Ukiivua zaidi ya saa moja, inapiga kelele. Lakini haikujua imevaliwa na nani. Waliotengeneza walidhani kila mtu angependa kukaa na yake.

Hawakuijua nyumba yetu. Tulikuwa vyumba tisa na uani mmoja, na uani ule hakuna kitu kilichokaa kwa mwenyewe. Chekeche langu lililala kwa fundi, pasi ya fundi ililala kwangu, mbuzi ya Mama Tausi ya kukunia nazi ilizunguka vyumba vyote tisa ndipo imfikie tena. Basi jirani akifiwa, unamchotea maji, unampikia, unamfulia. Siku moja Mama Tausi aliniita akiwa edani, amekaa kwenye mkeka.

"Mama Fidelis, niondolee hiki kitu," akasema. "Kila nikilia kinatetemeka mkononi. Hata kumlilia mume wangu nahojiwa na bangili?"

Nikamsugua mafuta ya nazi, nikamkunja kidole gumba, bangili ikateleza ikatoka. Nikaivaa mimi. Sikuona tofauti yake na ndoo ya maji.

Na mimi wakati ule nilikuwa mzima kabisa. Nililala kama mtoto, nilicheka ovyo, asubuhi nilifagia uani nikiuangalia mlima ukivua ukungu wake. Bangili zilinipenda. Baada ya wiki mbili taa ikawa njano, na wengine nao wakaanza kubebeana. Aliyepata mjukuu alibeba ya aliyefiwa. Aliyepona alibeba ya mgonjwa. Huzuni ikipita, kila mtu alirudishiwa yake, na Mama Tausi naye, alipomaliza eda na kuanza tena kutania watu, alibeba mbili. Taa ikabaki kijani tangu siku ile ya vigelegele. Wageni wakaja kutoka ofisini kutupiga picha, wakauita mtaa wetu mtaa wa mfano.

*

Jirani mpya, jina lake Sikudhani, alihamia chumba cha pembeni na mumewe, dereva wa malori ya Kongo, mtu mwema ila wa kuonekana mara moja kwa mwezi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mwepesi wa kusaidia. Nilipoumwa goti, alinifulia wiki tatu, na kila aliponiletea nguo aliziweka upande wa jua la asubuhi, kwa sababu aliwahi kunisikia nikisema napenda nguo yenye joto.

Alipojifungua Hidaya, nyumba nzima ilishangilia. Siku ya tano akaniambia, "Bibi, bangili inanitetemekea usiku na mchana. Naogopa nitawashushia taa."

"Mzazi anachoka, mama. Lete."

Nikaivaa ikawa ya nne, maana wakati ule nilikuwa na mbili za wengine. Nilikuwa nambeba Hidaya kifuani kutwa, namwimbia, na moyo wangu ulikuwa kama uji uliopoa vizuri. Bangili ya Sikudhani ikapeleka yote hayo kwenye nguzo kwa jina la Sikudhani.

Niliona kwamba hachani nywele. Niliona bakuli la uji likirudi na utando juu. Siku moja nilimkuta amekaa ameelekea ukuta, mtoto analia nyuma yake, akanigeukia taratibu, akasema, "Angekuwa wako huyu, Bibi, angenenepa."

"Ni wangu pia," nikamjibu, nikacheka, nikamchukua mtoto. Nilidhani nimemfariji.

Arobaini ya mtoto ikapita. Kesho yake, jua limeshapanda, nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo aliponijia.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mama. Mbona umejitwisha?"

"Vitu vyako. Vimekaa mno kwangu."

Akaviweka chini kimoja kimoja. Kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Kanga mbili, zimefuliwa, zimekunjwa. Ndoo ya bluu. Chujio la chai. Kijiko cha mbao. Mwisho akatoa kipande cha kitambaa kilichochomekwa sindano yenye uzi mweusi. Sindano ile nilimpa mwaka aliohamia, mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau.

"Nani kakudai?" nikamuuliza.

"Hakuna. Nimeona tu nivirudishe."

Nikanyoosha mkono wangu. "Na hii je? Nayo ni yako."

Akaitazama bangili yake kwenye mkono wangu. "Hiyo baki nayo, Bibi. Inakaa vizuri kwako."

Ungo ulinitoka mapajani, mchele ukamwagika.

Kwetu uani mtu harudishi vyote. Ukirudisha chekeche, unabaki na kinu, ili kesho uwe na sababu ya kupiga hodi. Aliyewahi kurudisha vyote kwa siku moja alikuwa anahama, au alikuwa mzee aliyejijua kwamba anakufa. Sikudhani hakuwa anahama. Wala hakuwa mzee.

Sikumuuliza kitu. Nilisema, "Kaa hapa nikusuke. Kichwa hicho kimenitia aibu mimi jirani yako."

"Siyo leo, Bibi."

"Leo. Mikono yangu kesho sina hakika nayo."

Alikuwa na adabu, akakaa. Nikambana katikati ya magoti yangu, nikachagua mistari midogo kuliko yote ninayoijua, ile inayomaliza nusu siku. Nikamwita Mama Tausi aje ambebe Hidaya. Alipoinama kumpokea mtoto, nikamnong'oneza sikioni, "Amerudisha vyote. Mpaka sindano. Nenda kwenye simu ya nguzo, waite zahanati ya Ofisi."

Akavikodolea macho vile vitu vilivyopangwa chini. Hakuniuliza maana. Akatoka na mtoto mgongoni.

*

Mama Tausi aliporudi, nilikuwa nimefika mstari wa tano. Alinipungia mkono kutoka mlango wa jiko. Nikamwambia Sikudhani anishikie kitana, mtu hawezi kwenda popote na kichwa nusu, nikamfuata Mama Tausi hatua tatu tu, nikiwa bado namwona.

"Wamesema alama zake za utulivu ni tisini na moja kwa mia," akasema kwa sauti ya chini. "Yule dada kwenye simu akacheka. Eti wangepata kina Sikudhani kumi, wao wangefunga ofisi wakalale."

"Tisini na moja ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Tumvalishe yake, basi."

"Umesahau? Wanahesabu wastani wa siku saba. Mpaka ishuke, wiki imekwisha."

Tukamtazama. Alikuwa amekishika kitana mapajani kwa mikono miwili, kama alivyoagizwa.

"Wiki hana," nikasema. "Nakwenda kuwaambia bangili anayo nani."

Mama Tausi akanishika mkono penye bangili, zikagongana. "Sikiliza, mwenzangu. Ukisema ya huyu, watakagua zote. Watatupangua kabla ya mvua."

"Najua."

"Hujui. Wewe una Fidelis atakayekutafuta popote. Mimi chumba kile nimekaa miaka thelathini na moja. Athumani amefia kitanda kile. Hapa nikisema 'marehemu', kila mtu anajua ni nani, anajua alivyokuwa akikohoa, anajua alivyokuwa akitania watoto. Huko Kitalu nani atajua kama niliwahi kuwa na mume?"

"Mimi nitajua."

"Wewe utakuwa Kitalu kingine. Ndiyo kazi yao hiyo, kututenganisha."

Ilikuwa kweli.

"Tumlinde wenyewe," akaendelea. "Kwa zamu. Hatukumlinda fundi? Wewe hukunilinda mimi?"

"Wewe ulikuwa na msiba, Mama Tausi. Ulilia, ukala, ukalala. Huyu halii. Huyu anaumwa, na nani kati yetu ni mganga wa ugonjwa huo? Siku zote hizi alikuwa anapiga kelele mkononi mwangu, na mimi nacheka na mtoto wake. Nimemziba mdomo."

"Usijisemee hivyo. Ulitaka kumsaidia."

"Ndiyo. Na hivyo ndivyo nilivyomziba."

Akaniachia mkono. Machozi yalimlengalenga, lakini uso ulikuwa wa hasira. Akamhamishia Hidaya begani, akaenda moja kwa moja mpaka alipokaa Sikudhani, akaketi kwenye kigoda changu.

"Nipe hicho kitana," akamwambia. "Huyu Bibi yako anasuka kama anaotesha mpunga. Utakaa hapa mpaka Idi."

Nikaona kona ya mdomo wa Sikudhani ikicheza kidogo. Nikatoka.

*

Afisa wa Ofisi ya Utulivu aliyekuja nilipopiga simu pale nguzoni anaitwa Edina Kisanga. Alifika kabla ya nusu saa kwa bajaji ya umeme, na hakuja na sare wala kelele. Alinikuta chini ya nguzo, nimekaa, mkono umekunjuliwa. Alinisalimu, akachuchumaa mbele yangu, akagusisha kifaa chake kwenye bangili moja baada ya nyingine. Mapigo manne yakatokea kwenye kioo, yanapanda pamoja na kushuka pamoja kama miguu ya watu wanaotwanga kinu kimoja.

"Mzigo huu umeubeba tangu lini, Bibi?"

Nikamwambia. Hakunikaripia. Akaniuliza habari za Sikudhani, anakula nini, analala vipi, amesema nini kuhusu mtoto. Nilipofika kwenye sindano, akaacha kuandika.

"Ungengoja kesho, ungechelewa," akasema.

Alijaribu kuandika ripoti ya mtu mmoja tu. Nilimwona akijaribu mara tatu. Mtambo ukamkatalia, kwa sababu bangili moja ikiandikwa kwamba ilivaliwa na asiye mwenyewe, mtambo unazikagua za mtaa mzima. Tukakaa pale tukiitazama taa ya Mikoroshini. Ikatoka kijani ikawa njano, na kabla hatujainuka ikawa nyekundu. Watu wakatoka milangoni mmoja mmoja.

"Jambo moja nikuambie," Edina akasema. "Alama hizi hazikuwa za uongo kwako. Katika mji huu wote sijawahi kuona mtu mwenye utulivu kama huu."

"Niandikie basi nibaki."

Akainamisha kichwa. "Hakuna mahali pa kuliandika hilo."

Tulipoingia uani, mistari ilikuwa imebaki mitatu. Edina angeweza kumwinua Sikudhani palepale. Alivuta ndoo yangu ya bluu, akaigeuza, akaikalia, akangoja. Mama Tausi akasuka mpaka mwisho, akamfunga uzi, akampaka mafuta kwenye njia za kichwa kwa kidole.

Sikudhani aliniangalia. "Bibi, umenisema?"

"Nimesema, mama."

Nilitegemea anilaumu. Akaegemeza kichwa chake kipya kwenye goti la Mama Tausi, akalia, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, kilio cha sauti kilichotoka mbali. Nikaivua bangili yake nikamrudishia mkononi. Ikaanza kutetemeka, ikatetemeka njia yote mpaka kwenye bajaji, na Edina, mtoto mgongoni mwake, akiushika mkono ule asiuache.

*

Tulipanguliwa baada ya wiki tano, maana mtaa uliobadilishana bangili haungojewi miezi mitatu. Siku ya mwisho uani ulijaa watu wanaorudisha vitu. Sijawahi kuona jambo la kusikitisha kama lile: pasi inakwenda kwa fundi, chekeche linakuja kwangu, sufuria zinapita juu ya vichwa, kila mtu anapewa chake, na kila mtu akipewa chake anakishika kama hakijui. Mama Tausi hakuwa amesema nami tangu siku ile. Alisimama mlangoni pake akihesabu mizigo.

Mbuzi yake ya nazi ilikuwa kwangu. Niliifunga ndani ya mkeka, nikaukaza mkeka kwa kamba. Aliniona. Hakuidai. Gari likaja likamchukua.

Mimi nilipelekwa Kitalu cha Tano. Ni mahali pazuri, sitaki kupasingizia. Njia ni pana, kuna miti, kuta zinanyonya sauti mpaka unasikia saa yako ya ukutani. Mlima uko nyuma ya majengo, hauonekani. Jirani wa kulia ni kijana mpole anayenifungulia mlango wa chini kila anaponiona na kapu. Nilipika maandazi nikampelekea kwenye bakuli. Alishukuru sana, na jioni ile ile bakuli likawa mlangoni kwangu, limeoshwa, linang'aa, tupu. Hakukosea kitu. Kwao ndivyo heshima ilivyo.

Bangili mpya zinatambua ngozi ya mwenyewe, hazibebeki. Alama zangu ni sitini na nane. Dada wa ofisi anasema si mbaya kwa umri wangu. Asubuhi naamka nikiwa na mikono yangu miwili na sijui niipeleke wapi. Nasikiliza kama kuna hodi. Nauona uani wetu ulivyokuwa saa ile, nyayo juu ya mchanga niliofagia, na ndala za vyumba tisa zimechanganyika. Ningeulizwa leo kama ningesema tena, ningesema tena. Lakini nisiulizwe kila siku.

Mwaka ulipita na miezi miwili. Jumapili moja nikasikia mlango ukigongwa, halafu sauti, "Hodi humu. Wenyewe mpo?"

Alikuwa Sikudhani, amenenepa, amevaa gauni la kitenge, na Hidaya amesimama kwa miguu yake mwenyewe akinishangaa. Tulikaa kitandani, akanieleza habari za hospitali alikotibiwa, na dawa anazomeza, na mumewe aliyeacha malori akapata kazi ya karibu. Alikuwa Kitalu cha Pili. Alinionyesha bangili yake. Sabini na tisa.

"Hii ni mimi mwenyewe, Bibi," akasema.

"Naona, mama. Naona."

Hidaya akaenda pembeni, akaikalia mbuzi ya Mama Tausi kama kigoda chake.

"Nimetokea kwake," Sikudhani akasema akimtazama mtoto. "Kitalu cha Tisa. Mzima, ila magoti. Ana ungo wako."

"Ungo upi?"

"Ule uliokuwa nao siku ile. Umetundikwa ukutani juu ya kitanda."

Sikujua. Nilidhani ulipotea katika kuhama.

"Nikamwambia, Mama Tausi, nakwenda kwa Bibi, nipe nimpelekee ungo wake. Akanikatalia. Akasema, 'Mwambie bado natumia.'"

Huku Vitaluni mchele unakuja kwenye mifuko, umeshapepetwa, hauna pumba wala jiwe. Hakuna mtu anayetumia ungo.

Nikainuka kwa kisingizio cha chai. Nikakaa jikoni mpaka maji yakachemka yakapungua. Niliporudi nikampa Sikudhani kikombe, na nilipokuwa nawasindikiza mlangoni nikampa sindano yenye uzi mweusi, ikiwa imechomekwa kwenye kitambaa kile kile. Akaipokea, akaiweka kwenye mkoba, hakusema atairudisha lini.

"Ukipita tena kwa Mama Tausi," nikamwambia, "mwambie ile mbuzi yake nami bado naitumia."

Akatazama nyuma yangu, chumba kizima, ambamo hapakuwa na nazi hata moja.

"Nitamwambia, Bibi," akasema.